Milima Aliyonyimwa Mwalimu

Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi tuliozaliwa nacho tunakivaa kama kanga ya kulalia, kimejaa mikunjo na madoa ya Kiingereza, na wala hatuoni haya. Yeye, mwanamke Mmarekani mweusi aliyejifunza chuoni na kukimalizia kwa miaka miwili ya kufundisha Iringa, hakutoka nacho nje mpaka kinyooke. Ukimwambia umepaki gari nyuma ya jengo, alikutazama juu ya miwani akasema, "Umeliegesha." Alinikera, nasema kweli. Mwaka wa kwanza wa ujirani wetu pale Hyattsville, nje kidogo ya Washington, nikisikia mkongojo wake unagonga sakafu ya korido nilikuwa nikisimama nyuma ya mlango wangu, mkoba begani, nasubiri apite kwanza.

Kilichotupatanisha ni homa. Baridi moja ilinilaza kitandani, binti yangu Zuhura yuko kwenye mitihani yake chuoni College Park, na mimi sina hata nguvu ya kuchemsha maji. Mwalimu akabisha hodi na sufuria ya uji wa mchele. Ndani yake mlikuwa na vipande vya samaki, tangawizi iliyokatwa nyembamba na majani ya kitunguu. Mimi ni mtu wa Tanga. Samaki namjua na uji naujua, lakini sikuwahi kuwaona wamelala kitanda kimoja.

"Kunywa, Mama Zuhura," alisema. "Watu wa Guangzhou, kule China, humlea mgonjwa hivi, nao ni wengi kuliko nyinyi."

Nikanywa kwa adabu, kisha nikanywa kwa njaa, kisha nikakwangua sufuria. Tangu siku hiyo nikawa namfungulia mlango kabla hajagonga.

Maisha yake yote ya kazi alifundisha jiografia sekondari, na kila likizo ndefu aliimalizia China. Kwa nini China, hakuwahi kutoa jibu lilelile mara mbili. Mimi aliniambia yote yalianzia kwenye treni ya kwenda Mbeya, alipopita kwenye mahandaki akamuuliza abiria wa pembeni ni nani aliyeyachimba, akajibiwa ni Wachina pamoja na baba yake abiria huyo. Nadhani jibu la kweli zaidi alilipata Wambui, rafiki yetu Mkenya wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Huku nikiingia dukani wananishuku," Mwalimu alimwambia. "Kule nikiingia wananishangaa. Bora anayenishangaa."

Wambui alinisimulia maneno hayo tukiwa tunakunja nguo kwenye mashine za kufulia. Sote wawili tulikuwa tumeshafuatwa na walinzi madukani mara nyingi tu.

Kule China alisafiri peke yake, kwa treni za polepole na mabasi ya wakulima. Msafara wa watalii alikuwa akiuita darasa la watoto wasiotaka kusoma. Methali aliyoipenda kupita zote ni mtembea bure si sawa na mkaa bure, na alitupiga nayo kila Jumamosi, sisi ambao tulijua njia ya kazini na njia ya kurudi nyumbani basi. Lakini usidhani alikuwa malaika wa safari. Aliwasema vibaya Wamarekani wanaokwenda Chengdu kutafuta chipsi, na yeye mwenyewe hakuvuka mpaka bila chupa ya pilipili ya kwao begini. Alihubiri subira, akamfokea dereva wa basi la Hyattsville kwa kuchelewa kidogo tu. Nyumbani kwake hapakuwa na joka wala pepeo wala picha hata moja ya safari. Palikuwa na chupa kubwa ya maji ya moto, akinywa hivyo hivyo bila majani, kama wanavyokunywa kule. "Sasa macho nilipewa ya nini?" alimjibu Wambui alipotaka kuona picha.

Hadithi yake iliyotuchekesha kuliko zote ni ya bakuli. Guangzhou watu huenda kwenye nyumba za chai asubuhi wakakaa mpaka mchana, vikapu vidogo vya vyakula vya mvuke vikija mezani kimoja baada ya kingine. Familia moja aliyokutana nayo kwenye treni ilimwalika. Walipokwisha kukaa, mhudumu akaleta bakuli kubwa tupu na buli la chai ya moto. Mwalimu moyo ukamjaa. Hatimaye amefika kwa watu wenye adabu kama za Iringa! Iringa alifundishwa kwamba mgeni ndiye anayenawa kwanza. Basi akakunja mikono ya shati, akainyoosha mikono yake juu ya bakuli, akamtazama binti wa nyumba amimine.

Kumbe bakuli lile ni la kusuuzia vikombe na vijiti vya kulia. Binti wa watu, asijue la kufanya, akamimina. Chai ilikuwa ya moto kweli kweli. Mwalimu alipiga yowe lililosimamisha ukumbi mzima, na bibi wa familia ile akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka iliyofuata, kila aliporudi Guangzhou, bibi yule alimtambulisha kwa majirani kwa ishara ya kunawa, kisha ishara ya kuungua. Mwaka mmoja Mwalimu akafika akakuta kiti cha bibi kimekunjwa na kuegemezwa ukutani. Sehemu hiyo ya hadithi hakuisimulia mbele ya watu wengi.

Mjini Washington lipo lango kubwa la Kichina, lenye paa zilizopinda na rangi zinazowaka. Wageni hupiga picha chini yake. Yeye alizunguka mtaa mzima asipite pale. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Lango limebaki, wenyewe wamefukuzwa na kodi ya nyumba," alisema. "Mtaa wangu nao uliondoka hivyo hivyo, Mama Zuhura. Kanisa letu sasa ni fleti. Wameacha jina ukutani kwa sababu linapendeza."

Chakula cha Kichina cha kweli, alisema, kipo Rockville, kwenye safu za maduka zenye maegesho mabovu. Nilikataa kwenda kwa muda mrefu. Kichwani mwangu Mchina na nguruwe walikuwa kitu kimoja. Mwalimu hakubishana. Alianza kunisimulia habari za Xi'an, za msikiti wenye paa za Kichina na bustani ndani, maandishi ya Kiarabu yamechongwa kwenye mbao kwa mkono wa fundi Mchina, na wazee wa kofia nyeupe wanaotoka swala ya adhuhuri moja kwa moja hadi kwenye supu ya kondoo. Alisimulia wiki nzima, kidogo kidogo, kama mtu anayetega kuku kwa punje. Mwishowe akasema Rockville kuna mama wa Xi'an ana duka la chakula, na neno halali limeandikwa mlangoni kwa lugha tatu. Nikaenda. Tambi zake huvutwa kwa mkono jikoni, unasikia unga ukipigwa juu ya meza, na zikija zina bizari nzima na pilipili na nyama ya kondoo. Nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyoikosa.

Sasa niseme la milima, maana bila hilo Mwalimu humwelewi.

Ipo milima kusini ya China, upande wa Guilin, inayosimama mmoja mmoja kando ya mto kama vichuguu vya mchwa, mirefu, imevaa miti. Aliwafundisha wanafunzi juu ya milima hiyo tangu ujana wake: jiwe la chokaa, mvua, maelfu ya miaka. Kila safari alikuwa akiiweka kiporo, kama mtoto anayeacha nyama ya mwisho pembeni ya sahani. Safari ambayo hatimaye alikwenda, ukungu ukashuka. Akakaa nyumba ya wageni akisubiri uinuke, haukuinuka. Siku ya mwisho akapanda mashua hivyo hivyo. Alisikia majogoo, akasikia nyati wa kufugwa wakipumua majini, akasikia mwangwi wa injini ukirudi kutoka kwenye miamba iliyo karibu naye kabisa, na hakuona kitu.

"Nimepita katikati yake," alisema, "na sijaiona."

Akaapa kurudi msimu wa majani kupukutika, mbingu zikiwa safi. Alitaka kuiona kabla hajafa, basi. Hakuwa na mume wala mtoto wala nyumba ya kurithisha. Alikuwa na milima hiyo iliyobaki. Na kabla msimu huo haujafika, figo zake zikachoka.

Kama hujawahi kuishi karibu na mtu wa mashine ya figo, mshukuru Mungu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Mwalimu alikwenda kituo kimoja Greenbelt, akakaa kwenye kiti, damu ikatoka mwilini, ikasafishwa, ikarudi. Alitoka pale amekauka midomo, mkono umefungwa bandeji, haongei mpaka tufike nyumbani. Mtu ambaye hakuwa akikaa mji mmoja siku tatu, sasa hakuweza kuwa mbali na Greenbelt siku tatu. Na chakula nacho kikawa adui. Chumvi mwiko, mchuzi wa soya mwiko, supu mwiko, hata nyanya. Maji ya kupimiwa. Chai, kikombe kidogo asubuhi, mwisho.

Mimi ndiye niliyejifanya askari wa yote hayo. Wambui alikuwa na huruma za kikazi, angeweza kutazama pembeni, lakini mimi nilifunika kikombe chake kwa kiganja changu mezani pa watu bila haya. Tulipokwenda Rockville tuliagiza tambi kavu zisizotiwa chumvi. Alikula kidogo, akatusogezea zilizobaki, akatuuliza, "Bizari ya leo ikoje?" Nasi tukamweleza. Alikuwa akifumba macho tukieleza. Wakati huo meza za jirani zinapelekewa mabakuli ya supu, mvuke unapita mbele ya uso wake.

Alipigania safari ile kwa ukaidi wake wote. Alipiga simu hospitali za Guilin usiku wetu ukiwa mchana wao, akaongea Kichina chake chenye lafudhi ya Iringa, mpaka akapata moja iliyokubali kumwunganisha na mashine. Tukafurahi, mimi nikaanza hata kumtafutia koti. Lakini daktari wa huku akapima moyo, akasema moyo ule hautavumilia kuvuka bahari. Mwalimu akatuletea habari hizo tukiwa tunafua. Hakulia.

"La kuvunda halina ubani," alisema, akaendelea kutafuta soksi yake ya pili.

Baada ya hapo hadithi zikakatika. Jumamosi zikawa za kimya, televisheni imewashwa na hakuna anayeitazama. Nilikuwa nikimchokoza kwa makusudi, "Mwalimu, nimepaki gari," na yeye akasema, "Vizuri." Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku moja namrudisha kutoka Greenbelt, mvua inanyesha, foleni imesimama, akasema bila kunitazama, "Mama Zuhura, nikiacha mashine, utanichukia?"

"Usinitie wazimu, Mwalimu."

"Nimeuliza tu."

"Kujiua ni haramu. Kwetu ni haramu na kanisani kwenu ni haramu."

"Sijiui. Figo ndizo zilizokufa, nami nazikokota. Nimemuuliza daktari, nimemuuliza na mchungaji. Wote wameniambia uamuzi ni wangu."

"Na sisi je? Sisi si watu?"

Foleni ikasogea kidogo. Kisha akasema, "Hiari yashinda utumwa."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Tanga wanaisema kwenye habari za ndoa, wanaisema sokoni, hata kwa mtu asiyetaka kula. Sikuwahi kuisikia kinywani mwa mtu ambaye mababu zake waliuzwa. Hasira zikanipanda zaidi. Nilimshusha mlangoni, nikaenda kuegesha gari, nikakaa humo ndani nalia peke yangu. Wiki zilizofuata nilimwachia Wambui zamu ya kumpeleka. Nilisema nina kazi nyingi.

Mara ya mwisho kukaa naye meza moja ilikuwa Rockville, Jumapili mchana, majani yameanza kuanguka. Alitualika mwenyewe, mimi na Wambui. Uso ulikuwa umevimba kidogo, pumzi inakatika akipanda ngazi moja ya mlangoni, lakini amevaa koti lake la safari na kitambaa shingoni. Yule mama wa Xi'an alikuja na mtandio wake, akamshika mikono. Mwalimu akamwambia maneno machache kwa Kichina. Yule mama akamtazama kwa muda, akaenda jikoni. Aliporudi alileta buli kubwa la chai, mabakuli matatu, na ndani ya kila bakuli mkate wa duara mgumu kama kigae.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Supu ya kondoo, Mama Zuhura. Ya Xi'an."

"Supu? Mwalimu, umesahau?"

"Sijasahau. Shika mkate, kuna kazi."

Desturi ya supu ile ni kwamba mgeni humega mkate wake mwenyewe, kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi. Ukimaliza ndipo bakuli hurudi jikoni kumiminiwa supu, na mpishi anakujua wewe ni mtu wa namna gani kwa vipande vyako. Mimi ni mtoto wa chai na mkate wa kuchovya. Nilivunja matonge, nikayatupa bakulini.

"Huo utampa ng'ombe," Mwalimu akasema. "Punguza."

Tukamega. Kazi ile haina haraka, vidole vinauma, na mtu akimega hana pa kutazama isipokuwa mikono yake. Ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi:

"Ijumaa sikwenda Greenbelt."

Mikono yangu ikasimama. "Na kesho?"

"Kesho pia sitakwenda."

Nilimgeukia Wambui. Alikuwa ameinamia mkate wake. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama Zuhura. Alisema nisikwambie, ati utamfanyia kelele. Watu wa hospice, wale huangalia wagonjwa siku za mwisho, washakuja kumwona, ako na dawa za maumivu, kila kitu iko set."

"Kelele nitamfanyia sasa hivi!"

Na nikamfanyia. Watu wa meza za jirani waligeuka. Nilimwambia ni mkaidi, ni mbinafsi, kwamba amekwenda nchi za watu akapendwa, na nyumbani kwake vilevile akapendwa, na haoni. Nilimwambia korido ile nitaipitaje. Nikamwambia, "Mimi nitambishia hodi nani?"

Akaningoja. "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza huku unamega."

Mabakuli yakaenda jikoni, yakarudi yamejaa. Supu nyeupe, nzito, vipande vya kondoo juu, tambi nyembamba, vitunguu saumu vya siki pembeni. Mwalimu akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaliinua, akanywa. Hakufumba macho. Alikunywa akiwa ameyafumbua, anamtazama kila mtu mle ndani, na mchuzi ukamtoka pembeni ya mdomo asijali kuufuta. Sijawahi kuona mtu mzima anakula kwa njaa namna ile. Wambui akafuta machozi kwa karatasi ya meza, akaendelea kula.

Alipofika katikati ya bakuli, Mwalimu akapumzika, anatafuta pumzi.

"Ile milima sitaiona," alisema. "Nimekubali. Lakini supu hii ilikuwa hapa hapa, mwendo wa nusu saa, na nimekaa miaka naiona ikipita kwenda kwa wengine."

Kisha akakisukuma kikombe chake cha chai mbele yangu. Kilikuwa kitupu. Akaurudisha mkono mapajani. Aliningoja tu, kama alivyokuwa akiwangoja wanafunzi wagumu.

Nikanyanyua buli nikammiminia. Akanywa chote, akakisukuma tena. Nikammiminia tena, na tena, mpaka buli likaisha. Nikamwita yule mama wa Xi'an alete jingine.